Upanga wa Bama

SEHEMU YA KWANZA

Dalali hakuutazama upanga. Hilo ndilo lililomkaa Zuhura rohoni. Mtu ametoka Dar es Salaam mpaka Tanga kwa ajili ya upanga, amekaribishwa ndani, amefunguliwa shuka mbele ya macho yake, halafu hauchomoi hata kidogo akaona makali. Aliushika tu mpini, akakielekeza kichwa cha mpini huo kwenye mwanga wa dirisha, akakisugua kwa dole gumba na kukikazia macho. Kisha akauweka mezani na kutaja bei.

"Laki moja na nusu. Na hapo nimepandisha kwa kuwa mna msiba."

Arobaini ya Babu ilikuwa imesomwa juzi. Majamvi ya kuazima yalikuwa bado yameegemezwa ukutani. Mwaka ule wa 1995 laki na nusu haikuwa pesa ya kubezwa na mtu kama Baba Mdogo, mwenye kibanda cha vipuri vya baiskeli Barabara ya Kumi na Mbili na kodi iliyompita miezi. Alimeza mate, kila mtu akamwona.

Dalali akajua amempata. Akafungua begi lake refu la turubai, akatoa upanga mwingine na kuulaza kando ya ule wa Babu.

"Msije mkasema nimewadhulumu. Huu ni upanga wa sajini wa Kijapani, muundo wa 1935. Ulitoka kiwandani, kwa mashine, pamoja na maelfu ya wenzake. Na wenu ni huohuo."

Zuhura akasogea. Kwa mbali zilifanana kweli: kupinda kwake, kikingio cha mkono, mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Lakini kwenye mpini wa dalali zile kamba zilizosukana hazikuwa kamba. Ilikuwa bati nene iliyomiminwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi ya kahawia ili idanganye jicho, na pale rangi ilipobanduka aluminiamu ilikuwa iking'aa. Mpini wa Babu ulikuwa na utepe wa kitambaa, umesukwa kwa mkono, na katikati ya kila suko mlichungulia kitu cheupe chenye chembechembe ngumu. Zuhura alikigusa kwa ukucha. Alikuwa amekulia pwani. Alijua mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa nini kabla msasa wa dukani haujafika. Ilikuwa ngozi ya taa.

"Tupe siku mbili," alisema.

"Siku mbili za nini, mwanangu?" Baba Mdogo aling'aka. "Mwalimu wa Kiingereza wewe, panga umezijua lini?"

Sauti ya Bibi ikatoka uani, kali kuliko yake. "Muuzieni! Muuzieni leo hii, atoke nao! Kaka yangu mimi yuko chini ya bahari kwa sababu yao."

Hakuna aliyethubutu kujibu. Kaka yake Bibi alikuwa askari wa mizinga. Alipakiwa Mombasa katika meli iliyoitwa Khedive Ismail, ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, manowari ya Kijapani iliipiga kwa makombora ya majini. Ilizama kwa dakika chache na watu wapatao 1,300, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki. Na bado mumewe, askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, aliyerudi salama kutoka vitani Bama, yaani Burma, alirudi na upanga wa Mjapani, akauweka chini ya kitanda, akaufuta na kuupaka mafuta miaka yote ya ndoa yao. Bibi alimsamehe mengi yule mzee. Hilo hakumsamehe.

Usiku Zuhura aliuviringisha upanga kwenye shuka lake, akajitanda buibui na kushika njia ya Chumbageni, kwa Mzee Serahangi.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Alikuwa serahangi wa meli za mizigo, mkuu wa mabaharia wa sitahani, na kila meli yake ilipofunga gati Yokohama alikwenda kushinda dukani kwa mnoa panga mmoja aliyekuwa rafiki yake. Hayo watu wote waliyajua. Alikuwa amestaafu zamani, anachechemea mguu wa kushoto, hapendi wageni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umebeba nini, mtoto mchanga?"

Alipofungua shuka, mzee hakuuliza tena. Aliuweka upanga mbele yake, akainamisha kichwa kidogo, kisha akauchomoa polepole, makali yakiwa yametazama juu ili yasikwaruze ala. Akausogeza puani.

"Karafuu," alisema.

"Babu alikuwa akiagizia mafuta ya karafuu Pemba. Anatia matone machache kwenye mafuta ya cherehani."

"Ndivyo wanavyofanya Wajapani wenyewe. Mafuta mepesi, karafuu kidogo. Ukipaka ya nazi utaulea ukutu. Babu yako alifundishwa na nani?"

Zuhura hakujua. Mzee akageuza kichwa cha mpini kwenye taa. Palikuwa na alama ndogo ya fedha, ua ndani ya duara. Shada lililoning'inia hapo lilikuwa limefifia, lakini rangi zake zilisomeka bado: kahawia upande mmoja, buluu upande wa pili.

"Kahawia na buluu ni luteni au kapteni. Meja angekuwa na nyekundu. Na hili ua ni nembo ya ukoo wake. Sajini hawezi kuwa na hii." Akanyamaza. "Huyo mnunuzi wenu alianza kutazama wapi?"

"Hapo hapo kwenye ua. Hakutazama kwingine."

Mzee Serahangi aliurudisha upanga alani, taratibu, mpaka ukafunga.

"Basi hakuja kununua upanga, mjukuu wangu. Anaulizia ukoo. Kuna mtu amemtuma."

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Mara tatu, bila hodi.

*Itaendelea Jumamosi ijayo*

SEHEMU YA PILI

Alikuwa Baba Mdogo, jasho linamtoka.

"Zuhura! Najua umo humo. Nimeshapokea elfu hamsini, unasikia? Mtu yule anakuja alfajiri kuchukua mali yake. Usiniaibishe!"

Mzee Serahangi alizungumza naye kupitia mlango uliofungwa, kwa upole, mpaka akakubali kwenda. Kisha akakomea, akaongeza utambi wa taa na kutandika gazeti juu ya jamvi.

"Kama wanakuja alfajiri, tuusome usiku huu."

Ni kitu cha kustaajabisha kumwona mtu anayejua akisoma upanga. Hakuanza na makali. Alitafuta kwanza namba, pale chuma kinapokutana na kikingio, kwa kuwa panga za masajini zilipigwa namba hapo, na namba hiyohiyo ikapigwa kwenye mdomo wa ala. Hapakuwa na namba. Halafu akauinua upanga usawa wa jicho na kuuelekeza kwenye taa, akiugeuza kidogo kidogo, na Zuhura akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona miaka yote alipomtazama Babu akiufuta. Kando ya makali ulikimbia mstari mweupe kama ukungu. Haukunyooka. Ulipanda vilele vitatu vitatu, cha katikati kikiwazidi wenzake, ukashuka, ukapanda tena, hadi nchani.

"Mhunzi hupaka udongo mgongoni mwa upanga, mnene, na kwenye makali mwembamba, halafu anautia motoni na kuuzamisha majini. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini, usivunjike. Mstari huu ndipo ugumu na ulaini vinapokutana. Wakati wa vita walikuwa na haraka, wakazizima nyingi kwa mafuta. Nazo hupata mstari, ila umekufa. Hauna hizi chembe zinazometa."

"Kwa hiyo huu si wa vita?"

"Mavazi yake ni ya vita. Maofisa walijinunulia panga wenyewe, na mwenye urithi nyumbani aliuchukua wa mababu, akauvisha mpini na ala za jeshi. Vua nguo umwone mtu."

Alichukua kijiti na nyundo ndogo. Mpini ule ulishikiliwa na kipande kimoja tu cha mwanzi kilichopenya katikati; alikigonga kikatoka, mpini ukalegea, na msuka ukabaki uchi juu ya gazeti. Ulikuwa mweusi kwa ukutu, lakini ukutu ule ulikuwa laini kama uliopigwa nta. Zuhura alinyoosha mkono na kitambaa.

"Hapana!" Mzee akamshika kiwiko. "Ukutu huu ndio umri wake. Wako watu waliosugua msuka kwa brashi ya chuma wakidhani wanasafisha, wakaua ushahidi wote. Usiuguse kamwe."

Kulikuwa na matundu mawili. Mzee aliyatazama muda mrefu. Upanga unaotengenezwa siku moja kwa mpini mmoja huhitaji tundu moja, alieleza. Mawili ni dalili kwamba zamani ulikuwa mrefu zaidi, ukafupishwa kwa kukatwa huku chini, ukatobolewa upya. Na jina la mhunzi, lililochongwa kwenye msuka, lilikuwa limekatwa pamoja nao. Ilibaki herufi moja ya juu.

"Kane," alisoma. "Wahunzi wa Seki, mkoa wa zamani wa Mino, wengi majina yao yalianza hivyo. Lakini usiamini jina peke yake. Majina ya kughushi yamejaa duniani kuliko ya kweli. Unauliza kwanza chuma, ndipo unauliza jina. Hapa vinakubaliana."

"Ni wa pesa nyingi?"

Alikasirika. Zuhura hakuwahi kumwona amekasirika.

"Mwishoni mwa 1945 ukoo wa Tokugawa, waliotawala Japani zaidi ya miaka 250, walipeleka panga zao kituo cha polisi cha Mejiro, Tokyo, kwa amri ya Wamarekani. Mmoja wao uliitwa Honjo Masamune, na Japani nzima ulikuwa na wenzake wa kuhesabika. Januari akaja askari akauchukua. Mpaka leo haujaonekana. Labda uko darini kwa mtu asiyejua, labda umeyeyushwa. Huo ni wa pesa ngapi?" Akapumua. "Na alikuwepo Mmarekani mwingine, Walter Compton, mkusanyaji. Aliununua upanga, akaja kugundua ni wa Kunimune, umepotea kutoka hekalu la Terukuni kule Kagoshima. Mwaka 1963 aliurudisha. Hakutaka hata senti. Sasa niambie, wewe ni wa upande gani?"

Zuhura hakuwa na jibu. Ili afiche uso wake aliichukua ala na kuanza kuifuta. Ilikuwa ya mbao, imevishwa ngozi kama zilivyokuwa nyingi za vitani, na ngozi imeshonwa kwa urefu upande wa nyuma. Kidole chake kikapita juu ya mshono, kikasimama.

"Babu. Hapa uzi si uleule."

Mzee akainama. Mshono wote ulikuwa wa uzi mweusi uliooza nusu. Lakini karibu na mdomo wa ala, urefu wa kiganja, ulikuwa wa nailoni, mweupe, umekazwa vizuri.

"Jeshi la Japani halikushona kwa mshipi wa kuvulia," alisema.

Wakakata mshipi kwa wembe. Ndani, kati ya ngozi na mbao, palikuwa na kitambaa cha bafta kilichokunjwa, kimeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa Babu. Zuhura aliujua kutoka kwenye barua zote za utoto wake. Mzee Serahangi alisoma kwa sauti, mstari baada ya mstari:

"Upanga huu si wangu, ni amana. Mwenyewe tuliachana hai. Akija mtu, asiulizwe jina. Aulizwe wa tatu wetu pale mtoni alikuwa nani."

Kimya.

"Mto gani, Babu?"

"Chindwin." Alikuwa akikikunja kitambaa, vidole havimtii. "Divisheni yao ya 11, wenye beji ya kifaru, walishuka bonde la Kabaw tangu Agosti 1944, mvua ya masika ya kule. Matope yanameza nyumbu mpaka tumboni. Chakula kinaangushwa kwa ndege, nusu kinaangukia kwa adui. Walifika mtoni Kalewa mwezi wa Desemba. Usiku unasikia watu wanalia ng'ambo na hujui ni wa nani."

"Nawe ulifika huko?"

"Baharia hufika kila mahali," alijibu, na akaanza kuurudishia upanga mpini wake. "Nenda nyumbani. Nimechoka."

Zuhura alikilaza kile kitambaa kifuani, akarudi nyumbani kwao Ngamiani na upanga, akauweka chini ya godoro lake na kulala juu yake. Alfajiri aliamka kuswali. Aliporudi kutoka kisimani, godoro lilikuwa vilevile, shuka vilevile, fundo vilevile. Alifungua fundo, kwa kutaka tu kuugusa.

Mpini ulikuwa wa baridi.

*Itaendelea Jumamosi ijayo*

SEHEMU YA TATU

Ngozi ya taa na kitambaa havipoi hivyo. Zuhura alivuta shuka lote. Rangi ya kahawia iliyobanduka, aluminiamu chini yake. Akauchomoa: mfereji mrefu umechimbwa ubavuni, ulionyooka kama uliopigwa rula, na pale karibu na kikingio, tarakimu zimepigwa kwa muhuri. Hakuhitaji tena mtu wa kumsomea. Ulikuwa upanga wa sajini, uleule wa kwenye begi la turubai.

Baba Mdogo alikuwa ameketi barazani, ameinamisha kichwa, noti zimo mfukoni mwa shati zinaonekana.

"Alisema nikiacha huu mahali pake hutajua," alisema. "Alisema wewe huwezi kutofautisha."

Zuhura hakumjibu. Alikitoa kile kitambaa na kumsomea, kwa sauti, kila neno. Alipofika kwenye amana, kifuniko cha sufuria kikaanguka uani, na Bibi akatokea mlangoni, mikono imejaa unga.

"Soma tena."

Akasoma tena. Bibi alisimama pale, mwanamke aliyeuchukia ule upanga zaidi ya miaka arobaini, uso wake ukibadilika kwa namna ambayo mjukuu wake hakuweza kuitazama sawasawa.

"Na hakuniambia," alisema hatimaye. "Alijua nitautupa baharini." Akamgeukia mwanawe. "Toa hiyo pesa."

"Mama, kodi ya..."

"Toa! Baba yako amekufa na deni la adui shingoni, wewe unalipa kodi nalo? Amana ni amana, hata ya aliyemuua kaka yangu." Akazihesabu noti, akafungua pindo la kanga na kujazia zilizopungua. "Mke mwenzangu, chukua. Mrudishie yule mtu chake, na upanga wake wa bati. Kisha umtafute mwenyewe."

Zuhura alipitia kwanza kwa Mzee Serahangi. Alitaka mtu wa kuukagua upanga msuka kwa msuka, dalali asiwabadilishie tena. Mzee alimsikiliza akiwa ndani, mlango nusu.

"Miguu inaniuma leo," alisema. "Nenda na baba yako mdogo."

Wakaenda wawili. Kutafuta hakukuwa kazi. Mwenye upanga ni Mjapani, na Tanga ya mwaka ule Mjapani mzee haendi sokoni pasipo watoto kumfuata, na watoto walijua hoteli anayolala, ile iliyotazama bandari. Walimkuta ukumbini. Alikuwa mwembamba, nadhifu, suti ya kijivu, fimbo kati ya magoti. Upanga wa Babu ulikuwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Dalali alikuwa kando, akizungumza Kiingereza kwa kasi.

Mzee wa Kijapani hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameweka kidole juu ya lile ua la fedha, basi.

"Hawa ni nani?" aliuliza kwa Kiingereza alichokipima neno kwa neno.

"Majirani," dalali alijibu. "Familia ya yule askari imekwisha. Hakuacha neno lolote."

Zuhura aliweka upanga wa sajini mezani, na pesa juu yake. Kisha akafungua kile kitambaa. Alimwambia dalali kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiye mkalimani, amuulize mzee swali moja tu: wa tatu wao pale mtoni alikuwa nani?

Dalali alitabasamu. "Anasema anataka nyongeza ya pesa," alimtafsiria mzee.

Ni hapo Baba Mdogo, aliyekuwa amejikunyata nyuma tangu walipoingia, alipopiga hatua mbele na kumshika dalali kola ya shati. Zuhura akampita. Alipiga goti mbele ya yule mzee, akamwekea kitambaa cha Babu mapajani, na kuuliza kwa Kiingereza yeye mwenyewe, polepole, akionyesha vidole: Wewe. Babu yangu. Na nani mwingine?

Yule mzee alikitazama kitambaa. Hakuweza kukisoma, ila alikipitishia kiganja kama anayekisoma. Midomo yake ikacheza. Alitamka neno moja, jina la mto. Kisha akasema kwamba alikuwa amejeruhiwa, kwamba watu wawili weusi walimvuta kutoka majini usiku, na kwamba mmoja alitaka kumwua kwa upanga huu, mwingine akamzuia.

"Babu yangu ndiye aliyemzuia?"

Mzee wa Kijapani aliinua macho kumjibu. Hayakufika usoni mwake. Yalipita juu ya bega lake, yakaganda, na mikono yake ikaanza kuitafuta fimbo. Alisimama kwa shida, akaiinua mpaka usawa wa kifua na kuielekeza mlangoni.

"Yule," alisema.

Zuhura akageuka. Mlangoni palikuwa na mtu mmoja tu. Alikuwa Mzee Serahangi, aliyewafuata kwa nyuma akichechemea, na mkononi mwake alikuwa na bastola kuukuu ya jeshi.

*Itaendelea Jumamosi ijayo*